Leso Nyekundu Imetoka Hudhurungi

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mwanamke ninayepiga video za harusi hapa Mombasa. Majuzi nilimpiga bi harusi katika ua wa nyumba moja ya Mji wa Kale, kisha chumbani karibu na dirisha, taa zikiwa zimewashwa. Uani uso wake ulitoka wa samawati. Chumbani leso yake nyekundu ikawa hudhurungi, na rangi zikabadilika zenyewe katikati ya mazungumzo. Kwenye kompyuta, nikisahihisha ngozi, ukuta unaharibika. Nifanyeje?
— Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Kamera yako si mbovu. Jicho la binadamu huuzoea mwanga upesi, ndiyo maana kanzu nyeupe tunaiona nyeupe juani, kivulini na hata chini ya balbu. Kamera haina mazoea hayo, nayo ni lazima iambiwe nyeupe ni ipi. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba ikipanda mwanga huelekea buluu: balbu ya kizamani yenye uzi wa moto huwa karibu na 2800, jua la mchana karibu na 5600, na kivuli chini ya anga lisilo na mawingu hupita 7000. Ua wako umezingirwa na kuta ndefu zinazolizuia jua, kwa hivyo kilichomfikia bi harusi ni mwanga wa anga tupu, ambao ni wa buluu.

Zima kwanza mpangilio unaoiacha kamera ijichagulie nyeupe yenyewe, kwa kuwa ndio uliobadilisha rangi katikati ya maneno. Kisha weka kadi ya kijivu pale pale ulipo uso wake, ielekee kamera, uiambie kamera ipime nyeupe kwa kadi hiyo, na urudie kila mwanga unapobadilika. Usipime kwa kanzu wala karatasi ya kawaida: nguo zetu nyingi nyeupe hutiwa buluu zikifuliwa, na karatasi hutiwa dawa ya kung'arisha, hivyo kamera hudanganyika.

Chumbani palikuwa na mianga miwili juu ya uso mmoja, na hilo ndilo lililoishinda kompyuta. Chagua mmoja: ama ufunge pazia, ama uzime taa utumie dirisha. Mimi ningechagua dirisha, hasa kwa ngozi. Taa nyingi za LED za bei nafuu zina upungufu wa wekundu, na wekundu ambao taa haikuutoa hauwezi kurudishwa baadaye kwa ukamilifu, jambo linaloumiza sana panapohusika leso ya harusi. Ukinunua taa yako, tafuta yenye kipimo cha uaminifu wa rangi (CRI) cha 95 au zaidi. Umeme wetu ni wa hezi 50, basi weka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde ili taa zisilete michirizi.

Msogeze pia mbali na ukuta uliopakwa kijani au buluu, kwa sababu rangi yake humrukia shavuni. Na kila mahali mnapohamia, rekodi kadi hiyo kwa sekunde chache kabla hajaanza kusema, ili baadaye kompyuta ipate kitu cha kupimia kisichokuwa uso wake.