Uanze na jukwaa au kamera? Namjibu kijana wa Busia

Juzi kijana mmoja wa Busia kanitumia ujumbe: "Kaka shikamoo, nina simu nzuri na marafiki watano, tushuti filamu au tufanye igizo?" Nimeusoma mara tatu maana miaka ile na mimi nilikuwa na swali hilo hilo na hakuna aliyenijibu.

Mimi nimetokea jukwaani, hapa hapa Tororo. Tulifanya mazoezi wiki 6 kila jioni, na siku yenyewe umeme ukikatika tunawasha taa za chemli tunaendelea, ukisahau maneno mwenzako anakuokoa na watu hata hawajui, wanacheka mbele ya macho yako, na usiku ule ule unalala ukijua umeweza au hujaweza.

Filamu ndiyo iliyonitia adabu. Yangu ya kwanza ni ya dakika 11 na ilikula miezi 5. Kuna sehemu mama anamenya matoke mlangoni huku anagombana na mwanawe, tumeshuti toka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, kila tukianza boda inapita, ikitulia boda jogoo anawika, na ndizi ikishamenywa ganda halirudi, ikabidi nikimbie sokoni kununua mkungu wa pili. Nakuja kuediti na kuunganisha vipande, naona rundo la maganda miguuni mwa mama ni kubwa, halafu dogo, halafu kubwa tena! Jukwaani maganda yanaongezeka yenyewe, huna haja ya kuyahesabu.

Halafu nikaionyesha kwenye kibanda kimoja cha video. Watu pale wamezoea filamu za vita na VJ, yule mtafsiri wa filamu, anawatafsiria kwa sauti juu ya picha, yangu ilikuwa kimya, dakika ya 4 benchi la nyuma lote wakatoka nje. Bado inaniuma, sitaficha. Mtazamaji wa igizo kaoga, kavaa, kalipa nauli, anaona aibu kukuacha unaongea peke yako. Wa filamu anajua humuoni.

Lakini msikate tamaa jamani. Isaac Nabwana, mtengeneza filamu wa pale Wakaliga, Kampala, alikuwa anajiundia kompyuta kwa vipuri, na ile filamu yake Who Killed Captain Alex? ya 2010 ilibidi aifute kwenye mashine ili apate nafasi ya kazi nyingine, kilichobaki ni kopi yenye sauti ya VJ, na ndiyo hiyo dunia nzima imeitazama. Vijana wengi mnataka kamera kwa sababu ya jina, mazoezi hamtaki, na bila mazoezi kamera inakuanika tu.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na jukwaa. Andikeni igizo la nusu saa, mlifanye mara tatu uwanja wa shule mbele ya watu wasiowajua, simu iache nyumbani. Ile mara ya nne ndo uje nayo, na tafuta simu ya pili ya kurekodi sauti, ifiche karibu na mdomo wa anayeongea, maana mimi yangu niliitundika kwenye mwembe nikarudi nyumbani na upepo mtupu.