Cheti cha polisi hakitoshi kumlinda mtoto klabuni

Klabu nyingi huishia hapa: kocha mpya analeta cheti cha polisi, nakala inawekwa kwenye faili, kazi inaanza. Cheti ni lazima, lakini kinamwonyesha tu aliyekwisha kukamatwa. Larry Nassar, daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani aliyehukumiwa mwaka 2018 kifungo cha miaka 40 hadi 175, aliwadhuru wasichana kwa miaka mingi akijulikana kama bingwa wa kazi yake. Wakati mwingine mzazi alikuwamo chumbani, naye daktari alisimama kwa namna ya kumziba mzazi asione. Walalamikaji walikuwepo mapema; malalamiko yao yaliishia kwa watu waliomwamini daktari.

Kwa hiyo, zaidi ya cheti, wapigieni simu viongozi wa klabu alizotoka kocha huyo mpya. Barua aliyoibeba mwenyewe haitoshi. Waulizeni wazi: mngemrudisha afanye kazi na watoto? Wakianza kuzungukazunguka, endeleeni kuuliza.

Kisha ipangeni kazi yenyewe ili hata mtu mbaya akose nafasi. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali wasipoonekana. Mazoezi ya mtu mmoja yanaruhusiwa, ila uwanjani penye watu. Matibabu nayo yahitaji mtu mzima wa pili anayeona mikono ya mtabibu, na mtoto aelezwe kabla atashikwa wapi na kwa nini. NSPCC, shirika la kulinda watoto la Uingereza, linapendekeza angalau mtu mzima 1 kwa watoto 6 wenye miaka 4 hadi 8, 1 kwa 8 wenye miaka 9 hadi 12, na 1 kwa 10 wenye miaka 13 hadi 18. Lakini hata watoto wakiwa watatu tu, watu wazima wawe wawili.

Kanuni ya kutokaa peke yake na mtoto huvunjika zaidi garini, vyumba vya kubadilishia nguo na kwenye simu. Garini tatizo ni mtoto wa mwisho kushushwa, basi pangeni njia ili wawili wa mwisho washuke pamoja. Mzazi akichelewa, watu wazima wawili wasubiri na mtoto nje, penye mwanga. Chumbani simu ni marufuku kwa kila mtu, kocha akiwemo. Kwenye simu, ujumbe kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 upitie kundi lenye wazazi. Kocha anayemwandikia mtoto usiku, anayempa zawadi za siri au kumwambia "haya yabaki kati yetu", aripotiwe hata kama hakuna aliyeguswa. Kumzoesha mtoto siri huanza hivyo.

Kwa wachezaji watu wazima wenye ulemavu, klabu hukosea kwa kuwatendea kama watoto, au kwa kudhani umri wao unawatosha kuwa ulinzi. Muulizeni mchezaji mwenyewe, kwa maneno mepesi au picha. Anayehitaji msaada wa kuvaa au kwenda chooni awe na mpango ulioandikwa: nani amsaidie, kwa lipi, na yeye mwenyewe amemkubali nani. Mlezi asiwe mkalimani wake pekee, maana huenda mlezi ndiye anayemdhuru, au anayekula posho yake. Asipotaka jambo lake liripotiwe, mnamheshimu iwapo anaelewa na hashinikizwi, isipokuwa wengine nao wako hatarini.

Mtoto akifunguka, sikiliza kuliko kuuliza. Usimwahidi siri, mwambie utawaambia wanaoweza kusaidia. Maswali kama "alikushika hapa?" huharibu ushahidi, kwani baadaye itadaiwa ulimtilia maneno kinywani. Andika siku hiyohiyo maneno yake kama alivyoyasema, saa na mahali, uweke sahihi, umpe afisa wa ulinzi wa watoto wa klabu ndani ya saa 24. Hatari ikiwa ya sasa hivi, polisi kwanza. Usimwite mtuhumiwa "aeleze upande wake": atafuta ujumbe na kumfuata mtoto. Uchunguzi si kazi ya kamati ya klabu.

Afisa huyo asiwe ndugu wala mwenzi wa kocha mkuu. Namba yake, ya naibu wake na ya chombo kimoja cha nje zibandikwe mlangoni, kwa sababu huenda anayelalamikiwa ni afisa mwenyewe.

Mtuhumiwa anawekwa kando na watoto wakati uchunguzi ukiendelea, bila kutangazwa kuwa na hatia. Mara nyingi atajiuzulu, na viongozi watashusha pumzi na kufunga faili. Msifunge. Taarifa iende polisi na kwenye shirikisho hata kama ameshaondoka, na klabu inayofuata ikipiga simu, ijibiwe ukweli uliomo kwenye kumbukumbu.