Maswali yenu: watoto watukutu, shule za binafsi na shule za umma

Kwa nini shule za binafsi zina nidhamu kuliko za umma?

Swali hili haliishi kuletwa, na waulizaji hawajiulizi kwanza watukutu wa shule za binafsi walikwenda wapi. Shule ya binafsi huchagua wa kumpokea na humwondoa isiyemtaka. Shule ya umma inapokea wote, akiwemo huyo aliyeondolewa jana. Mkuu wa shule akikusifia nidhamu yake, muulize kati ya walioanza darasa la kwanza, wangapi wamefika la mwisho.

Binti yangu amefukuzwa shule ya binafsi kwa kumjibu mwalimu vibaya. Hakuitwa kujieleza. Ni haki?

Si haki, ila huenda mkataba unawaruhusu. Soma ulichosaini siku ya kumwandikisha, hasa kipengele kinachompa mkuu wa shule uamuzi wa mwisho, na kile cha ada isiyorudishwa. Shule ya umma ni chombo cha serikali, hivyo ina mipaka mingine. Kule Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1975, katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez, kwamba mwanafunzi wa shule ya umma, hata akisimamishwa kwa siku 10 au pungufu, lazima aelezwe kosa lake na apewe nafasi ya kujitetea. Wa shule ya binafsi hakulindwa na hukumu hiyo.

Hukuuliza hili, lakini nalisema: wakikuletea barua inayosema unamwondoa mtoto kwa hiari yako, usiisaini. Ukisaini, kwenye rekodi hakuna aliyefukuzwa, na huna pa kukatia rufaa. Dai sababu kwa maandishi.

Viboko virudi?

Hapana. Na anayedhani ada humkinga mtoto ajue kwamba England ilipiga marufuku viboko katika shule za umma mwaka 1987. Shule za binafsi zilibanwa mwaka 1999.

Mtoto mmoja anavuruga darasa zima. Wetu waliotulia wana kosa gani?

Hawana kosa, na hasira yako naielewa. Darasa lazima lisomeke, na mtoto anayewaumiza wenzake atolewe hapo hapo. Lakini angalia anatolewaje. Zamu yake ya kusoma kwa sauti inakaribia. Anarusha kalamu, darasa linacheka, mwalimu anamtoa nje. Amenusurika kusoma. Kesho atarusha tena, maana ameona inafanya kazi. Mtoto huyo huenda hajui kusoma, na adhabu inamsaidia kuficha. Mwalimu aandike kwa wiki mbili: somo gani, saa ngapi, nini kilitangulia. Apimwe macho, masikio na kusoma. Kazi hii haihitaji ada kubwa, inahitaji mwalimu mwenye darasa la idadi anayoimudu, na hapo shule nyingi za umma zimetelekezwa. Lalamikeni kwa wanaopanga bajeti, msimwandame mtoto.

Mwalimu anasema mwanangu anahitaji dawa za kumtuliza. Nimpe?

Mpeleke kwa daktari. Mwalimu haandiki dawa.

Nimhamishe tu?

Hii itakuwa shule yake ya tatu, kwa maelezo yako. Kabla ya kulipa ada nyingine, omba faili lake lote, kisha keti na mwalimu mpya na umweleze ukweli wote. Wazazi wengi huficha, na mwalimu huupoteza muhula mzima akitafuta jambo ambalo nyumbani linajulikana.