Wasomaji Wanauliza: Mng'ao wa picha za Flanders ulitoka wapi?

Swali: Habari zenu. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, sasa naishi Gent, mji wa eneo la Flanders huku Ubelgiji. Nimeingia kanisa kuu la Mtakatifu Bavo kuiona ile picha kubwa ya Mwanakondoo, aisee vito kwenye mavazi vinang'aa utadhani vimebandikwa vya kweli. Rafiki yangu anasema mchoraji wake, Jan van Eyck, ndo aligundua rangi ya mafuta. Ni kweli?

Jibu: Hapana ndugu, ila usimlaumu rafiki yako, manake habari hiyo ina karibu miaka 500. Vasari, mchoraji wa Italia, aliiandika kwenye kitabu chake cha 1550 na watu wakaibeba hivohivo. Lakini karne ya 12 mtawa mmoja aliyejiita Theophilus alishaeleza jinsi ya kusaga rangi na mafuta ya mbegu za kitani, na mapango ya Bamiyan kule Afghanistan yana picha za mafuta za tangu karne ya 7. Van Eyck hakuyagundua, aliyajua tu mafuta kuliko waliomtangulia, na hapa naomba nikae kidogo.

Picha zinachorwa juu ya ubao wa mwaloni, mara nyingi umeletwa kwa meli kutoka upande wa Baltiki. Unapakwa chaki iliyochanganywa na gundi ya wanyama, unasuguliwa mpaka unakuwa mweupe na laini kabisa, juu yake fundi anachora mistari yake yote halafu ndo rangi inaanza, tabaka jembamba linalopitisha mwanga, linasubiriwa likauke, linakuja lingine na lingine. Rangi iliyochanganywa na kiini cha yai, iliyozoeleka wakati ule, inakauka chapchap, huna muda wa kulainisha kivuli, mafuta ndo yanakupa huo muda. Sasa mwanga ukifika pale unapenya matabaka yote hadi kwenye weupe wa chini halafu unakurudia, kama jua likipita kwenye kioo cha rangi. Vile vito ulivyoviona ni rangi tupu, na kale kanukta keupe kamewekwa palepale ambapo mwanga ungegonga jiwe la kweli. Ile buluu nzito ya bei mbaya ilisagwa kutoka jiwe la lapisi lazuli lililosafiri kutoka hukohuko Afghanistan.

Kazi ya hiyo picha ya Mwanakondoo ilianzwa na kaka yake Jan, Hubert, akafariki 1426, Jan akaimaliza 1432. Waliolipia ni Joos Vijd na mkewe Elisabeth Borluut, wamechorwa wakipiga magoti upande wa nje wa mbao za pembeni zinazofungwa kama milango, kwahiyo ukienda tena subiri ifungwe uwaone. Ubao wa chini kushoto, ule wa Waamuzi wa Haki, uliibwa Aprili 1934 na mpaka leo haujapatikana, kilichopo ni nakala, na mimi bado inaniuma. Lakini uso wa mwanakondoo ni ule wa mwanzo kabisa, mafundi wa ukarabati wameondoa rangi iliyopakwa juu yake karne ya 16.

Swali: Natokea Mombasa. Kwenye picha ya Jan van Eyck ya bwana Arnolfini na mkewe, yule mama wa gauni la kijani ana mimba au macho yangu?

Jibu: Hana mimba dada. Gauni la wakati ule lilikuwa na kitambaa kingi mno, kinaburuzika chini, na mwanamke wa heshima alikikusanya mbele ya tumbo akitembea, tena tumbo la mviringo lilihesabiwa uzuri. Ushahidi ninaoupenda ni picha nyingine ya Jan, ya 1437, iko Dresden, humo Mtakatifu Katarina ambaye ni bikira ana tumbo lilelile. Hiyo ya Arnolfini ni ya 1434, iko London kwenye jumba la National Gallery, na wengi wanaamini mume ni mfanyabiashara wa Lucca, Italia, aliyekuwa akiishi Bruges. Angalia machungwa pale dirishani, kaskazini mwa Ulaya yale yalikuwa matunda ya matajiri. Halafu sogea kwenye kioo cha nyuma, kuna watu wawili wanaingia mlangoni, na juu yake ameandika kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa.

Swali: Wakubwa wa enzi hizo walithamini nini zaidi, picha za ubao?

Jibu: Mazulia ya ukutani, tena kwa mbali sana. Sufu, hariri, nyuzi za dhahabu na fedha, kundi zima la wafumaji kwenye kitanda kimoja cha kufumia kwa miezi na miezi, gharama yake haifanani na ya ubao. Philip Mwema, mtawala wa Burgundy na bosi wa Jan, mwaka 1449 aliagiza kutoka mji wa Tournai mazulia ya hadithi ya Gideoni, alikwenda nayo kwenye sherehe zake kuonyesha ukubwa wake, na yote yamepotea. Lile lake la maua elfu, yaani lililojaa maua madogomadogo, lililofumwa Brussels, Waswisi waliliteka vitani kwa mwanawe Charles mwaka 1476, ndo maana leo kipande chake kipo makumbusho ya Bern.