Fundi aliyekuwa mteja

Ukiishi Nairobi umewahi kumlaani mtu kama mimi. Ulimpa fundi pesa, akakuahidi Ijumaa, Ijumaa ikafika, ukapiga simu ukaambiwa mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Mtaani hatusemi hata simu imezimwa, tunasema fundi ni mteja. Watu hudhani amekula pesa, na wengine hula kweli. Mimi sikuwa nimekula. Kabati lilikuwa pale kibandani limesimama, limebaki milango na vanishi, kazi ya siku moja na nusu.

Nilifanya kazi hivyo kwa miaka kama sita, kandokando ya Ngong Road. Kuanza hakukunishinda. Kupima, kuchagua mbao, kukata, kupiga randa, yote hayo niliyafanya nikiimba. Siku ya kukabidhi ikikaribia, mikono inakuwa mizito. Napokea oda mpya, nazima simu. Nimerudishia watu pesa zao huku fanicha yao ikinitazama. Nikijiuliza sababu, nilikuwa na majibu mengi: uvivu, mtaji mdogo, kurogwa (usicheke, shangazi yangu alilitaja hilo kwa dhati kabisa).

Kisha siku moja mama mmoja wa Lang'ata akaja mwenyewe. Alikuwa ameagiza kabati na kitanda cha mtoto kwa shilingi 45,000, amelipa 30,000, na siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia. Nilimwona akivuka barabara. Nikaingia nyuma ya mbao za saiprasi zilizoegemezwa ukutani. Nikamsikia akimuuliza jirani yangu, na jirani, Mungu amsamehe, akajibu kwamba nimeenda Gikomba kununua bawaba. Nilikuwa na miaka 34. Pale nyuma ya mbao, jasho likinitoka, nikagundua kwamba nimefumba macho.

Hilo la macho lilinisumbua kuliko kujificha kwenyewe. Mtu mzima anayekwepa deni huchungulia. Anayefumba macho ni mtoto.

Nilikulia Dandora, chumba kimoja, pazia likitenga kitanda cha wazazi na godoro letu. Baba aliporudi na hasira, na alirudi nazo mara nyingi, alitafuta wa kuuliza: daftari liko wapi, viatu vimechanikaje, nani amemaliza sukari. Aliyelala hakuulizwa. Basi nikajifunza kulala, na nililala kwa ustadi: mdomo wazi kidogo, pumzi ndefu, mkono ukining'inia nje ya blanketi. Kaka yangu hakuweza kujizuia, akawa analipa yeye. Mbinu yangu ilifaulu, na ndiyo maana haikuniacha. Mteja anapokuja kukagua kabati, shingo yangu hukakamaa vilevile ilivyokakamaa komeo la mlango wetu lilipolia usiku.

Jioni ile nilimpigia yule mama. Siku ya tatu mzigo ulifika kwake. Akavuta droo moja, ikakwama, akasema, "Fundi, hii inakwama." Nikaitoa, nikaipiga randa, ikateleza. Dakika kumi. Miaka sita nilikuwa nimeziogopa dakika kumi za randa.

Kuna upande mwingine ambao sikupenda kuusikia. Mwaka wa 1978 wanasaikolojia wawili Wamarekani, Steven Berglas na Edward Jones, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo. Baadhi walipewa maswali yasiyo na jibu, kisha wakapongezwa kwamba wamefaulu sana. Kabla ya mtihani wa pili wakaachiwa wachague dawa: moja iliyosemekana kusaidia akili, nyingine kuizorotesha. Wanaume waliopongezwa bila kujua wamefauluje walielekea kwenye ile ya kuzorotesha. Wakishindwa, lawama ni ya dawa. Mimi dawa yangu ilikuwa kuchelewa. Kabati lililomaliziwa usiku mmoja likipinda, haraka ndiyo iliyolipinda. Nikilipatia muda wake wote halafu lipinde, nitasema nini?

Sasa ushauri, maana pengine ndio uliokuleta. Usianze kwa kujitukana. Ukijitukana umemrudisha baba chumbani, na yule mtoto atafumba macho tena. Tafuta saa yenyewe ambayo mambo huharibika. Mimi nilichukua penseli ya useremala, na kila nilipozima simu niliandika ukutani kazi imebaki wapi. Baada ya miezi mitatu ukuta ulikuwa umejaa neno moja: milango, milango, milango.

Halafu amua mapema utafanya nini saa hiyo ikifika, tena kwa jambo dogo. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameandika sana juu ya mipango ya namna hii, ya "kama hili likitokea, basi nitafanya lile". Wangu ni huu: kama simu ya mteja ikiita, basi natoka nje, nasimama juani, napokea kabla haijakata. Kusimama kunanisaidia, labda kwa sababu hakuna anayelala amesimama. Na kila Jumanne jioni namtumia mteja picha ya kazi ilivyo, hata ikiwa aibu. Mficha uchi hazai.

Nilimwona mshauri nasaha pia, mara nane. Mtaani ukisema hivyo utaulizwa kama umeshafika Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Acha waulize.

Neno moja la tahadhari. Kama bado unaishi na mtu anayekupiga, kunyamaza kwako au kujifanya umelala huenda bado kunakulinda, usiiache mbinu hiyo kwa sababu ya makala ya fundi. Piga 1195 kwanza, nambari ya msaada kwa wanaodhulumiwa nyumbani hapa Kenya. Ni bure, na wako macho mchana na usiku.

Mimi sijapona kiasi cha kujigamba. Mwezi wa nne nilikuwa mteja siku mbili nzima. Leo ni Jumanne, nina meza mbili ambazo hazijapigwa vanishi, moja ina mguu mfupi kidogo. Picha nimeshatuma, na mguu ule nimeuonyesha. Tiki mbili za buluu zimetokea, jibu bado. Simu iko hapa juu ya benchi, imewashwa.