Unahamia Dar? Chagua barabara kwanza, chumba baadaye

Ukiuliza watu wa Dar es Salaam wapi kuna chumba cha bei nafuu, utatajiwa majina haraka haraka: Mbagala, Chamazi, Gongo la Mboto, Kivule, Chanika, Kibamba, Bunju. Hawakudanganyi. Ila kabla hujabeba begi kulifuata jina, jibu kwanza swali moja: asubuhi utakuwa unaenda wapi?

Jiji hili limekaa kwenye barabara kuu nne zinazotoka mjini kwenda pembeni. Ya Bagamoyo inaelekea kaskazini kupitia Mwenge na Tegeta mpaka Bunju. Ya Morogoro inapita Magomeni, Ubungo, Kimara na Mbezi. Ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu, inapita uwanja wa ndege kwenda Gongo la Mboto. Ya Kilwa inashuka kusini, Mtoni mpaka Mbagala Rangi Tatu. Kigamboni iko ng'ambo ya maji. Unafika kwa pantoni la Kivukoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016. Ukiishi kwenye barabara ileile ya kazi yako, hata mbali panavumilika. Ukiishi barabara hii na kazi iko barabara ile, kila siku utapitia Ubungo, Buguruni au Tazara saa ambazo magari yamesimama.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aangalie Makongo, Changanyikeni, Msewe, Kimara, hata Mbezi, kabla ya kuvutiwa na chumba cha rahisi cha Mbagala. Mbagala hiyohiyo inamfaa sana mtu wa Kariakoo au Posta. Wa viwanda vya Barabara ya Nyerere ajaribu Ukonga, Kitunda, Kipawa. Hakuna mtaa mzuri wa kila mtu, na anayekuambia upo anakusifia kwake.

Halafu fanya hesabu ya mwezi mzima, kodi ikiwa sehemu tu ya hesabu hiyo. Tuseme nauli ya daladala ni 600. Chumba cha 50,000 ambacho unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi kinakula nauli 2,400 kwa siku, yaani 62,400 kwa siku 26 za kazi. Kama kipo ndani, mbali na kituo, huko bodaboda anachukua 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, ongeza 52,000. Jumla 164,400. Chumba cha 90,000 kilicho karibu na kituo, gari moja tu, kinakugharimu 121,200. Nimeona vijana wakijivunia kodi ndogo huku mshahara unaishia kwa makonda na bodaboda, na wao wenyewe hawajui unapotelea wapi.

Neno "ndani" lisikilize vizuri. Dalali akikwambia "ni hapa hapa, dakika tano", mwambie mtembee kwa miguu kutoka kituoni, wewe ukiangalia saa. Na kituo chenyewe kikague siku ya kazi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Utaona kama gari linaanzia pale au linafika limeshajaa. Maeneo ya katikati ya njia yana shida hiyo: gari linapita mlango ukiwa umefungwa. Ndiyo maana utawakuta watu wamepanda upande wa kwenda mwisho wa gari, wanakaa kwenye siti, wanalipa, kisha wanageuza nalo na kulipa tena. Kama kwenye kituo chako kila mtu anageuza na gari, hiyo ni nauli ya tatu na haimo kwenye hesabu ya dalali. Mtu wa mwisho wa gari, kama Gongo la Mboto au Rangi Tatu, angalau ana nafasi ya kukaa. Barabara ya Morogoro ina mabasi ya mwendokasi tangu 2016, na yanasaidia kweli, lakini mvua kubwa ikijaza bonde la Msimbazi pale Jangwani njia hufungwa. Weka akilini kama kazi yako haina simile na kuchelewa.

Hilo linatuleta kwenye mvua. Ukitafuta chumba mwezi wa saba au wa nane, jiji lote linaonekana kavu na zuri. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na ndipo mtaa unapojulikana. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wa bonde la Msimbazi, wengine wakahamishiwa Mabwepande, na bado nyumba za mabondeni zinapangishwa kila siku kwa bei tamu. Ukiingia kwenye nyumba usiangalie rangi ya ukuta, tazama chini. Kama mlangoni kuna kizingiti cha tofali kilichojengwa hadi magotini, kimejengwa kuzuia maji. Kama plasta ya chini ni mpya na ya juu imezeeka, au kitanda cha jirani kimeinuliwa juu ya matofali, umeshajibiwa. Milimani kama Kimara na Goba maji hayakai, yanachimba barabara. Waulize bodaboda wanachukua shilingi ngapi siku ya mvua na kama wanakubali kupanda.

Sasa suala la watu, na hapa sioni sababu ya kuzungukazunguka. Kama unakuja mara ya kwanza, peke yako, huna shangazi wala kaka mjini, mwaka wa kwanza panga mahali penye majirani. Nyumba za uswahilini za Temeke, Tandika, Mwananyamala au Magomeni, zenye korido na vyumba huku na huku, zina kelele, choo ni cha kushea na usafi ni kwa zamu. Lakini ukishikwa na homa usiku, mtu wa chumba cha pili atakusikia. Gesi ikiisha huku mboga iko jikoni, mama wa uani atakwambia leta sufuria. Nyumba ya geti, kimya, kila mtu na mlango wake, ni starehe ya mtu aliyekwishazoea mji. Mgeni anaweza kuumwa siku tatu mle ndani na asigongewe.

Ukarimu wa mtaa unapimika. Nenda jioni bila dalali, nunua kitu dukani kwa mangi, kaa kwenye benchi la mama ntilie, toa salamu. Sema wazi: natafuta chumba, mimi mgeni. Mahali pazuri watu wataanza kukuuliza unatoka wapi, unafanya nini, na kabla hujamaliza chai utakuwa umeambiwa maji yanatoka siku gani, ndoo ya kununua ni bei gani, njia gani usipite baada ya saa tatu usiku. Dada zangu, hilo la mwisho waulizeni wanawake wa pale. Wanaume watawajibu kwamba hakuna shida. Kwenye nyumba yenyewe zungumza na wapangaji, na uliza aliyetoka alihama kwa nini. Mwenye nyumba anayekuuliza kabila lako kabla ya kazi yako, au anayewafokea wapangaji mbele yako wewe mgeni, mshukuru na uondoke.

Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, nayo ina mambo yake. Tanesco wana bei ya chini kwa mtumiaji mdogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi za serikali, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Luku ya vyumba sita ikitumiwa pamoja haiwezi kubaki humo, inaangukia bei ya kawaida ambayo ni karibu mara tatu, na juu yake kuna ugomvi wa nani ana friji na nani anapiga pasi. Chumba chenye luku yake kinastahili kuongezewa kodi kidogo. Pia tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia luku. Hiyo ni ya mwenye nyumba, basi mkubaliane mapema kama atakurudishia au la.

Mwisho, pesa. Wengi watataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali atachukua ya mwezi mmoja juu yake. Ukiomba mitatu kwa adabu, ukionyesha barua ya kazi au ya chuo, wapo wanaokubali, hasa huko pembeni ambako vyumba vinakaa wazi. Hela ya kuonyeshwa chumba isikushangaze, lakini kodi usimkabidhi dalali kwa hali yoyote. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza kama huyo ndiye mwenye nyumba kweli au ni msimamizi, na muandikiane mkataba mbele ya mwenyekiti au mjumbe. Andikeni tarehe, kiasi, namba ya mita na hali ya chumba, halafu piga picha kurasa zote. Pita hapo hapo ujitambulishe kwa mjumbe, kwa sababu siku ukihitaji barua ya utambulisho ya benki, ya kazi au ya dhamana, atakayeulizwa kama anakufahamu ni yeye.