Maswali ya Wasomaji: Nukta za Pembetatu

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita alipewa zoezi la nukta zilizopangwa kwa umbo la pembetatu: umbo la kwanza lina nukta 1, la pili 3, la tatu 6, la nne 10. Alitakiwa aeleze mpangilio huo, kisha ataje idadi ya nukta za umbo la 20. Aliandika "zinaongezeka", akakosa. Mimi nilichora hadi umbo la nane, nikachoka. Je, ipo njia nyingine?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao alisema kweli, na kama ningekuwa mimi ninayesahihisha ningempa angalau nusu alama, ila hakueleza zinaongezeka kwa kiasi gani wala zinaongezwa wapi. Atazame sehemu ya chini ya kila umbo: la pili limepata mstari mpya wa nukta 2, la tatu mstari wa nukta 3, la nne mstari wa nukta 4. Kwa hiyo umbo la 20 ni jumla ya 1 + 2 + 3 na kuendelea hadi 20.

Kujumlisha namba zote hizo kunachosha kama kuchora. Mpe vizibo vya soda, apange umbo la nne kwa vizibo vilivyolala kifudifudi, kisha alipange tena kwa vizibo vilivyolala chali, akiligeuza hili la pili juu chini na kulibana na la kwanza:

● ○ ○ ○ ○
● ● ○ ○ ○
● ● ● ○ ○
● ● ● ● ○

Ataona mstatili wenye mistari 4, kila mstari una vizibo 5, yaani vizibo 20 kwa jumla, na pembetatu moja ni nusu yake: 10. Umbo la 20, likifanyiwa hivyohivyo, litatoa mstatili wa 20 kwa 21, yaani 420, ambayo nusu yake ni 210. Umbo la 100 nalo lina nukta 5,050, na hakuna haja ya kuchora hata moja.

Mwalimu akihamia kwenye miraba ya 1, 4, 9 na 16, mwanao asishtuke, kwa maana nukta mpya hukaa kwenye pande mbili zinazokutana pembeni, nazo ni 3, kisha 5, kisha 7: namba witiri kwa mfuatano.

Wafuasi wa Pythagoras katika Ugiriki ya kale waliitukuza pembetatu ya nukta 10. Naye Mjerumani Carl Friedrich Gauss, akiwa na umri wa miaka 19, aliandika kwa furaha katika shajara yake, tarehe 10 Julai 1796, kwamba kila namba nzima hupatikana kwa kujumlisha namba za pembetatu zisizozidi tatu. Kwa mfano, 17 ni 1 + 6 + 10. Mwanao ajaribu 33.